Moto wa Malafyale, Pumzi ya Raia: Tabaka na Utambulisho katika Hadithi za Kaskazini mwa Ziwa Nyasa

Katika bonde la Kyela, na katika vilima vya Rungwe vinavyolitazama bonde hilo kwa juu, ipo hadithi ya asili ambayo msimulizi huimaliza kwa dakika chache. Wenyeji wa kwanza wa nchi hawakuwa na moto. Walikula vyakula vibichi. Wakaja watu kutoka Ukinga, wakishuka Milima ya Livingstone, wakiwa na moto na ng'ombe. Wenyeji wakawapokea wawe wakubwa wao. Wazao wa wageni hao ndio machifu, kila malafyale na nchi yake. Wazao wa wenyeji ndio raia.

Ni hadithi ya tabaka kuanzia sentensi ya kwanza, na mhakiki hana haja ya kuilazimisha iwe hivyo. Hakuna jamii ya watu iliyoishi bila moto kwenye nchi ya mvua nyingi kama ile, kwa hiyo hadithi haisomeki kama taarifa ya jambo lililotokea. Swali la kihakiki ni lingine: inafanya kazi gani, na inamfanyia nani? Inageuza utawala kuwa deni. Aliyeletewa moto hawezi kuulipia, na mtoto wake hurithi deni hilo pamoja na jiko. Tena inapindua heshima ambayo jamii nyingi za Afrika Mashariki humpa mtangulizi. Mahali pengi aliyefika kwanza ndiye mwenye ardhi na matambiko, na mgeni huomba. Hapa mtangulizi amepewa ubichi, mgeni amepewa upishi, na utambulisho wa pande mbili umefungwa katika chakula.

Hadithi hiyo haikuishia mdomoni. Watoto wa chifu walipofikia umri wa kutawala ilifanywa sherehe ya ubusoka, yaani kutoka hadharani. Mioto ya zamani ilizimwa nchi nzima, ukapekechwa moto mpya, nao ukasambazwa nyumba kwa nyumba. Kila kizazi kiliigiza upya ujio wa machifu kwenye meko yake chenyewe. Wanafasihi husema kwamba motifu hupata nguvu kwa kurudiwarudiwa. Hapa motifu ilirudiwa kwa vitendo, na kila mama aliyewasha jiko jioni ile alikuwa msomaji wake.

Lakini raia nao walikuwa na usimulizi wao. Kinyakyusa kina usemi *embepo sya bandu*, pumzi ya watu. Mtu aliyewakosea jirani zake, aliyewanyima nyama ya karamu au kumdharau mzazi, alinung'unikiwa, na manung'uniko hayo yakamshukia kama baridi mwilini: homa, kupooza, ugonjwa wa mifugo. Pumzi hiyo haikubagua cheo. Malafyale mwenyewe aliweza kupatwa nayo. Waliosimamia nguvu hiyo walikuwa *amafumu*, wakuu wa vijiji, na wakuu hao hawakutoka katika ukoo wa chifu bali katika raia. Iliaminika kwamba wao ndio waliowaona wachawi usiku na kukilinda kijiji, na wao ndio waliompa chifu mpya dawa za kumtisha adui.

Hadithi hizo mbili zikiwekwa pamoja, muundo unajitokeza ambao hauonekani zikisomwa mbalimbali. Machifu wana moto. Raia wana baridi. Neno *embepo* lina udugu na *upepo* wa Kiswahili, na linabeba ubaridi ndani yake. Tabaka la juu limejitungia taswira ya joto, upishi na ng'ombe wa maziwa. Tabaka la chini limejibu kwa taswira ya pumzi inayozizima, ambayo hakuna aletaye wala anyang'anyaye, kwa kuwa kila aliye hai anayo. Hoja hii ya watawaliwa ni nzito kuliko ile ya watawala. Moto unaweza kuzimwa; sherehe ya ubusoka yenyewe inakiri hivyo.

Mapokeo haya yaliingia katika maandishi kupitia mikono iliyokuwa na maslahi yake, na hapo ndipo uhakiki wa utambulisho unapopata kazi nyingi. Mwaka 1891 zilifika misheni mbili za Kijerumani, Wamoravian na Waberlin, zikagawana nchi ya kaskazini mwa ziwa. Wamisionari walijifunza lugha, wakaandika, wakafundisha kusoma. Walihitaji jina la Mungu, wakalichukua jina la Kyala. Katika masimulizi ya wenyeji Kyala alikuwa shujaa wa kale, anayetajwa katika baadhi ya masimulizi kuwa ndugu yake Lwembe, yule ambaye mrithi wake aliabudiwa mahali paitwapo Lubaga. Mahali pake palikuwa pango lililo karibu na ufuko wa ziwa upande wa Milima ya Livingstone, Pali-Kyala, na watu walikwenda huko kutambika. Kwa uamuzi mmoja wa tafsiri, mhusika wa hadithi ya pangoni akawa Muumba wa mbingu na nchi. Ndugu yake Lwembe akabaki upande wa mila. Tangu hapo msikilizaji wa hadithi za zamani alisikia jina moja likiwa na watu wawili ndani yake, na Mkristo na asiye Mkristo waliokaa kwenye ukumbi mmoja hawakusikia kisa kimoja.

Jina la watu wenyewe nalo lilipitia njia ya namna hiyo. Wajerumani walizoea kuwaita Wakonde, na wengine Wasokile. Jina Wanyakyusa, lenye asili katika ukoo wa Mwakyusa, lilikuwa la sehemu tu ya watu hao, hasa wa uwanda wa karibu na ziwa, kabla ya serikali ya Waingereza kulitandaza juu ya wilaya nzima. Ng'ambo ya Mto Songwe, mtu wa lugha ile ile na visa vile vile akawa Mngonde wa Nyasaland, Malawi ya leo. Mmisionari wa Livingstonia, D. R. MacKenzie, alipotoa kitabu chake mwaka 1925, kichwa chake cha Kiingereza kiliwataja kuwa Wakonde waliotawaliwa na mapepo. Mhakiki anaweza kusimama kwenye kichwa hicho kwa muda mrefu kabla ya kufungua ukurasa wa kwanza. Kimewapa watu jina ambalo wengi wao hawakujiita, kikawapa na sifa inayomhalalisha mwandishi kuwa kati yao. Kazi yake ni ile ile ya kisa cha wenyeji waliokula vibichi: anayeleta moto, au Injili, hujitafutia nafasi kwa kumsimulia mwenzake kuwa mpungufu.

Kipindi kilichoacha maandishi mengi zaidi ni kile cha 1934 hadi 1938, Godfrey Wilson na mkewe Monica walipokaa miongoni mwa Wanyakyusa. Kuna jambo moja la ukoo ambalo wasomaji wa fasihi wanapaswa kulijua. Baba yake Godfrey alikuwa John Dover Wilson, mmoja wa wahakiki wakubwa wa Shakespeare wa karne ya 20. Kitabu chake kuhusu tamthilia ya *Hamlet* kilitoka mwaka 1935, mwanawe akiwa tayari kaskazini mwa Ziwa Nyasa. Katika kitabu hicho baba aliuliza watazamaji wa zama za Shakespeare waliamini nini kuhusu mizimu, kwa sababu bila kujua imani yao mzuka wa mfalme haueleweki jukwaani. Mwana alikuwa akiuliza swali linalofanana na hilo mbele ya watu wazima wa vilimani na wa bondeni: msikilizaji anaamini nini kuhusu wafu anaposikia kisa cha mfalme? Si lazima kudai kwamba mmoja alimwiga mwingine. Yatosha kuona kwamba uhakiki wa maandishi na uchunguzi wa masimulizi vilikuwa kazi za nyumba moja.

Nyuma ya Wilson alikuwepo karani wa Kinyakyusa, Leonard Mwaisumo, aliyezaliwa mwaka 1910 na kufariki mwaka 1938. Alikuwa mkalimani, mwandishi na mshauri. Maneno mengi ya wazee yalipita kwake kabla hayajawa Kiingereza. Kwa miaka mingi wasomaji waliona jina la Wilson peke yake juu ya jalada. Ni katika karne hii tu, hasa kupitia kitabu cha mwaka 2013 kuhusu Monica Wilson na wakalimani wake, ndipo makarani hao waliposomwa kama waandishi. Kwa uhakiki wa tabaka hilo si jambo dogo. Karani aliyesoma misheni, mwenye mshahara na kalamu, hakuwa malafyale wala hakuwa raia wa kawaida. Alikuwa wa tabaka jipya ambalo halikuwa na nafasi katika hadithi ya moto. Huenda yeye ndiye aliyechagua neno la Kiingereza la kusimama mahali pa *malafyale* na la kusimama mahali pa *embepo*. Anayezisoma hadithi hizo leo anasoma pia uamuzi wa kijana aliyekuwa akitafuta mahali pake kati ya watu wa aina mbili.

Godfrey Wilson mwenyewe alisogea karibu na usomaji wa kiuchumi. Katika andiko lake la mwaka 1939 kuhusu katiba ya Ungonde alieleza kwamba Kyungu, mfalme wa Wangonde aliyeishi kwa kutengwa katika kilima cha Mbande, alipata nguvu kubwa kuliko machifu wa Kinyakyusa kwa sababu ya biashara ya pembe za ndovu na nguo zilizoingia kutoka nje. Aliyegawa nguo ndiye aliyegawa utii. Masimulizi yanayomfanya Kyungu kuwa nusu mungu yanapata msingi mwingine hapo: utakatifu ulisimama juu ya ghala. Mwanahistoria wa Malawi Owen Kalinga aliirudia historia hiyo katika kitabu chake cha mwaka 1985 kuhusu ufalme wa Wangonde, na tangu hapo Kyungu ana historia iliyoandikwa na mtu wa nchi yake.

Pembe hazikusafiri peke yake; watumwa nao walipita njia hiyo hiyo. Mwezi Oktoba 1887 watu wa mfanyabiashara Mlozi waliwaua Wangonde wengi kwenye ziwa dogo la Kambwe karibu na Karonga, na vita vilivyofuata havikwisha kabisa hadi Mlozi aliponyongwa mwaka 1895. Katika ukanda huo, kati ya Nyasa na Tanganyika, walipita wanawake waliouzwa, wakatoroka, wakauzwa tena. Baadhi yao walisimulia maisha yao kwa wamisionari. Marcia Wright, mwanahistoria aliyekuwa ameandika juu ya misheni za Kijerumani za Nyanda za Juu Kusini, aliyakusanya masimulizi ya aina hiyo na kuyachambua katika kitabu cha mwaka 1993. Wasimulizi wake wakuu ni Narwimba, Meli na Bwanikwa. Yeyote anayetaka kujua uhakiki wa hadithi fupi unaweza kufikia wapi na aanze na kazi hiyo. Wright hayapimi masimulizi hayo kwa kigezo cha ukweli na uongo peke yake. Anaangalia jinsi mwanamke anavyojieleza. Mtumwa anaanza kwa kutaja ukoo, kisha hutaja waume na mabwana, na kila jina ni kinga aliyoipata au aliyoipoteza. Katika masimulizi hayo utambulisho ni kitu cha kutafutwa, tena kwa haraka, maana asiye na wa kumdai anaweza kuuzwa kesho. Machifu waliimba moto na raia wakanong'ona pumzi, lakini mwanamke huyu hakuwa na moto wala kijiji cha kumnung'unikia. Nafasi ya chini kabisa katika ngazi ya jamii haikuonekana katika hadithi ya asili, na ilihitaji hadithi ya maisha ili isikike.

Mwandishi wa Ireland Frank O'Connor, katika kitabu chake cha mwanzoni mwa miaka ya 1960 kuhusu hadithi fupi, alidai kwamba utanzu huu ni sauti ya makundi yaliyozama, watu ambao riwaya kubwa za kijamii hazina kiti chao. Dai lake lilihusu waandishi wa Ulaya na Marekani. Linakaa vizuri zaidi kwa Narwimba kuliko kwa wengi aliowataja.

Kiswahili kiliingia katika mkondo huu kwa njia ya shule na magazeti. Jarida la serikali *Mambo Leo* lilianza mwaka 1923 na likawafikia wasomaji wa bara waliokuwa wakijifunza lugha hiyo darasani. Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki iliyoundwa mwaka 1930 ikasanifisha tahajia. Mnyakyusa aliyetaka kusimulia zaidi ya bonde lake akalazimika kuacha maneno kama *ukwangala*, yaani raha ya kukaa pamoja na wa rika moja, au kuyaeleza kwa mzunguko. Kila tafsiri ya namna hiyo iliongeza wasomaji na kupunguza kitu.

Uhakiki wa Kiswahili uliojali tabaka ulikomaa Dar es Salaam. Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967 na Chuo Kikuu kujitegemea mwaka 1970, hewa ya mlimani chuoni pale ilijaa mjadala wa matabaka. Kitabu cha Walter Rodney kuhusu jinsi Ulaya ilivyoidumaza Afrika kilitoka hapo mwaka 1972. Katika fasihi, T. S. Y. Sengo na S. D. Kiango walitoa *Hisi Zetu* mwaka 1973, na F. E. M. K. Senkoro akatoa *Fasihi* mwaka 1982. Kizazi hicho kilimfundisha mwanafunzi wa Kitanzania maswali ambayo hadi leo anayabeba katika mtihani: nani anamiliki, nani anafanya kazi, mwandishi amesimama upande gani, na sanaa yake inasaidia au inazuia mabadiliko?

Maswali hayo yalikuwa mazuri na bado ni mazuri. Yalisaidia kusoma hadithi fupi kama "Mayai – Waziri wa Maradhi" ya Euphrase Kezilahabi, ambayo kichwa chake pekee kinatosha kumweka mkubwa kizimbani: nchi ina wizara ya afya, mwandishi anampa mhusika wake wizara ya ugonjwa. Kasoro ya usomaji huo ilikuwa haraka yake. Mhusika aligeuzwa kuwa bendera ya tabaka lake kabla hajamaliza kuongea. Tena ngazi zake zilikuwa za kiwanda na shamba kubwa: bepari, mfanyakazi, mkulima. Nchi ya Kyela ina ngazi nyingine.

Humo wavulana wa takriban miaka kumi walihama kwa baba zao wakaanzisha kijiji cha rika lao, wakalima kwa baba na kuchunga ng'ombe wa baba. Mahari ililipwa kwa ng'ombe, na ng'ombe walikuwa wa wazee. Kwa hiyo mzee aliweza kuwa na wake kadhaa na kijana akangoja kwa miaka. Je, rika ni tabaka? Mwanaanthropolojia wa Kifaransa Claude Meillassoux, katika kitabu chake cha mwaka 1975, alionyesha kwamba katika jamii za kilimo wazee hushika vijana kwa kushika njia ya ndoa na chakula. Jibu linalofaa kwa Kyela ni kwamba rika lilifanya kazi ya tabaka lakini kwa tofauti moja kubwa: kijana alijua kwamba akiishi atakuwa mzee. Raia hakuwa na tumaini la namna hiyo la kuwa malafyale, wala mwanamke la kuwa mwenye ng'ombe. Hadithi za vijana kudhulumiwa na wazee kwa hiyo huishia katika subira au ujanja, mara chache katika uasi. Mhakiki asiyeuliza mhusika ana matumaini gani ataiita subira hiyo woga.

Machimbo ya dhahabu ya Lupa, kule Chunya, yaliyoshamiri miaka ya 1920 na 1930, na baadaye kazi za migodini kusini mwa Afrika, yaliibomoa ngazi hiyo. Kijana alirudi na fedha ya kununua ng'ombe mwenyewe. Mpunga wa bondeni na kahawa ya milimani vikafanya ardhi kuwa mali ya kugombewa, na vijiji vya rika vikafifia. Uchifu ulifutwa kisheria mwaka 1963. Monica Wilson alirudi kwenye habari hii katika kitabu chake cha mwaka 1977, akifuatilia mahusiano ya vizazi na ya wanaume na wanawake kuanzia 1875 hadi 1971. Aliyeandika mwanzoni juu ya vijiji vyenye maelewano aliandika mwishoni juu ya jamii iliyokuwa inabishana ndani yake.

Upande wa mashariki, chini ya Milima ya Livingstone, Wakisi wa Ikombe na Lyulilo wana ardhi finyu, na wanawake wao hufinyanga vyungu vinavyovushwa kwa mitumbwi kwenda kubadilishwa na nafaka ya bondeni. Hadithi ya moto na ng'ombe haina la kusema juu ya mikono inayofinyanga chombo ambacho moto ule hupikia. Ukimya wa namna hiyo ni sehemu ya maana ya hadithi, na mhakiki anapaswa kuuandika kama anavyoandika kilichosemwa.

Katika shule za sekondari, mwanafunzi wa Kyela amejifunza tabaka kupitia riwaya kama *Watoto wa Mama N'tilie* ya Emmanuel Mbogo, yenye watoto wa muuza chakula jijini Dar es Salaam. Huko Kenya, mkusanyo wa hadithi fupi *Tumbo Lisiloshiba* ulikuwa kitabu teule, na wanafunzi waliulizwa maswali yale yale ya mali na nafasi ya mtu. Vifaa vya uhakiki basi viko mikononi mwa vijana. Wanachokosa ni hadithi za kwao katika umbo linalosomeka darasani.

Hadithi hizo zipo. Daftari za Godfrey na Monica Wilson, pamoja na maandishi ya Kinyakyusa yaliyotoka kwa wazee na makarani wa miaka ya 1930, ziliwekwa katika maktaba ya Chuo Kikuu cha Cape Town, Afrika Kusini. Ni haki zichapwe kwa Kinyakyusa na Kiswahili, jina la Leonard Mwaisumo likiwa juu ya jalada, na zisomwe Kyela.